Mwongozaji na mhariri wa filamu: mtu mmoja au wawili?

Vijana wengi wanaosomea filamu katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, huingia kazini wakiwa na kompyuta mpakato moja ambayo ndiyo studio yao, ghala lao na ofisi yao. Humo huandika muswada, humo huhifadhi picha walizopiga, na humo humo huzihariri. Zamani gharama za mitambo ziliwalazimisha watu kugawana kazi. Leo kila mtengeneza filamu anapaswa kuamua mwenyewe kama ataihariri filamu aliyoiongoza, au ataikabidhi kwa mtu ambaye kuhariri ndiyo kazi yake ya maisha. Naegemea upande wa kukabidhi, ingawa hoja za upande wa pili si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni fedha. Filamu inapofika kwenye uhariri, bajeti huwa imekwishaliwa na usafiri, chakula na waigizaji, kwa hiyo mhariri huahidiwa malipo ya baadaye, naye hujilinda kwa kuishikilia diski yenye picha zote mpaka alipwe. Mwongozaji anayejihariria huepuka mvutano huo. Wala haiwezi kusemwa kwamba njia hii huzaa kazi dhaifu tu. Akira Kurosawa, mwongozaji wa Japani, alihariri filamu zake nyingi mwenyewe. Ndugu Joel na Ethan Coen, waongozaji wa Marekani, walihariri nyingi kati ya zao kwa jina la kubuni la Roderick Jaynes, na jina hilo limewahi kuteuliwa kuwania tuzo ya filamu ya Oscar mara mbili. Machi 2025 Sean Baker alitwaa Oscar ya uhariri kwa Anora, filamu aliyoiandika na kuiongoza yeye mwenyewe.

Pamoja na hayo, watu hao wana kipaji ambacho wengi wetu hatuna, nacho ni kuitazama kazi yao kana kwamba wanaiona kwa mara ya kwanza. Chukua tukio la mama anayemuaga mwanawe ufukweni, karibu na soko la samaki la Bagamoyo. Mwongozaji ameamka alfajiri, amesubiri maji yajae ili jahazi lielee, amewaomba wachuuzi wanyamaze, na jua lilipochomoza amepata picha ya sekunde 40 ya jahazi likienda taratibu hadi kupotea. Akiketi mbele ya kompyuta, ndani ya picha hiyo anaiona asubuhi yote: baridi, fedha iliyomtoka, nahodha aliyekubali baada ya kubembelezwa sana. Mtazamaji haoni hata kimoja kati ya hayo. Mhariri ambaye hakuwepo anaona kwamba katika picha nyingine, iliyopigwa harakaharaka na kukaribia kutupwa, mama anabana midomo na kukaza mkono kwenye upindo wa kanga, na kwamba huzuni yote imo humo. Ataliacha jahazi kwenye sekunde ya 6, aende kwa mama, arudishe juu ya uso wake zile kelele za mnada ambazo wachuuzi waliombwa wazizime, kisha aondoke fremu chache, yaani zile picha moja moja zinazounda filamu, kabla mama hajapepesa macho. Katika filamu ya fremu 25 kwa sekunde, fremu 4 hazifiki hata robo ya sekunde, lakini zikizidi hapo tunaanza kumwona mwigizaji badala ya mama.

Maisha ya mhariri wa filamu Thelma Schoonmaker yanaonyesha jicho hilo la pili linaweza kufika wapi. Alizaliwa Algiers mwaka 1940 kwa wazazi Wamarekani, akatamani kuwa mwanadiplomasia, kisha kozi fupi ya filamu katika Chuo Kikuu cha New York ikamkutanisha na mwongozaji Martin Scorsese. Alihariri filamu ndefu ya kwanza ya Scorsese, na tangu Raging Bull ya mwaka 1980 amehariri filamu zake zote ndefu za kuigiza. Oscar zake tatu, za mwaka 1981, 2005 na 2007, zote zimetokana na filamu za mwongozaji huyo mmoja. Mtu aliyekaa naye miaka mingi kiasi hicho anaweza kumwambia kwamba picha anayoipenda kuliko zote haifai, akasikilizwa. Mhariri wa kukodiwa wiki mbili hawezi.

Historia hiyo hiyo ina upande unaoniudhi. Filamu ya tamasha la muziki la Woodstock ilimpa Schoonmaker uteuzi wa kwanza wa Oscar, lakini kwa miaka mingi hakuweza kuhariri filamu za studio kubwa kwa sababu hakuwa mwanachama wa chama cha wahariri, na chama kilimtaka aanze na miaka ya uanagenzi. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya wahariri ilimfungia nje mhariri hodari. Wanaotaka uhariri uwe kazi yenye hadhi nchini wasijenge ukuta wa namna hiyo. Kijana wa Bagamoyo anayejifunza kwa kuhariri video za harusi usiku asiambiwe kwamba hana sifa.

Ninachopendekeza hakihitaji chama wala fedha nyingi. Waongozaji wawili wabadilishane: huyu ahariri filamu ya mwenzake, na mwenzake ahariri ya huyu, kwa mkataba mfupi ulioandikwa kabla kamera haijawashwa. Mkataba utaje tarehe ya kukabidhi mkato wa kwanza, yaani filamu nzima ilivyounganishwa kwa mara ya kwanza, diski ya pili yenye nakala ya picha itakaa kwa nani, na jina la mhariri litaandikwa wapi kwenye filamu na kwenye bango. Mwongozaji asiingie chumba cha uhariri mpaka mkato wa kwanza ukamilike. Akishauona, neno la mwisho libaki lake, kwa sharti kwamba atautazama mkato huo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuusimamisha, pamoja na mtu mmoja ambaye hakushiriki kabisa katika upigaji wa picha.