Baridi ya gesi: igeuzwe umeme au iuzwe kama baridi?

Mpishi wa shughuli anayepika pilau la watu mia mbili kwa gesi anaijua hali hii. Moto ukikazwa kwa muda mrefu, mtungi unatoa jasho, kisha tumbo lake linashika utando mweupe wa barafu. Gesi iliyomo ndani ni kimiminika, na kila inapogeuka mvuke hunyonya joto la chuma na la hewa iliyouzunguka mtungi. Baridi ile haina mwenyewe, inapotelea hapo hapo uani.

Sasa ukuze mtungi huo ufikie ukubwa wa bandari. Gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, yaani LNG, husafiri melini ikiwa nyuzi 162 chini ya sifuri, ujazo wake ukiwa umepungua mara 600 hivi. Kuipoza kiasi hicho hula nishati inayokaribia uniti 300 za umeme kwa tani. Ikifika kwa mnunuzi lazima irudishwe kuwa gesi, na njia iliyozoeleka ni maji ya bahari: yanashuka kama pazia juu ya safu za mabomba ya alumini, gesi inapanda ndani yake, na chini kabisa barafu inaganda kwenye mabomba. Maji yanarudi baharini yamepoa, na baridi iliyonunuliwa kwa gharama yote ile imekwenda nayo.

Japani, nchi isiyo na gesi ya kuitosha, ilipokea meli yake ya kwanza ya LNG mwaka 1969, kutoka Alaska hadi Negishi, Yokohama. Miaka kumi baadaye, mwaka 1979, kampuni ya Osaka Gas iliwasha huko Senboku mtambo wa kilowati 1,450 unaokula baridi hiyo. Ndani yake huzunguka propani, mojawapo ya gesi zilizomo kwenye mitungi yetu ya kupikia. Maji ya bahari yanaichemsha, mvuke wake unazungusha mapanga ya mtambo, LNG inaupoza urudi kuwa kimiminika, pampu inausukuma, mzunguko unaanza upya. Hakuna kinachochomwa. Mitambo mingine huwasha moto ili ipate tofauti ya joto; hapa bahari ndiyo moto.

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Hauhitaji mafuta, hautoi moshi, unapunguza maji baridi yanayomwagwa baharini, na umeshafanya kazi miaka mingi mno kuitwa majaribio. Mimi nakubaliana nao, ila kwa kiasi chake, na kiasi hicho kinaonekana tukishika kikokotoo.

Mtambo wa aina hii huvuna makumi kadhaa ya uniti kwa kila tani ya LNG. Tuseme 40. Bandari inayopokea tani milioni 1 kwa mwaka itapata uniti milioni 40, sawa na mtambo wa kilowati 4,500 hivi unaofanya kazi usiku na mchana. Si haba. Lakini tani ile ile ikichomwa katika kituo kizuri cha umeme hutoa takriban uniti 8,000. Umeme wa baridi ni chini ya asilimia 1 ya hapo. Kwa hiyo anayeutumia kuipamba gesi yote ionekane nishati safi anapotosha: gesi yenyewe bado itachomwa, na kaboni yake bado itapanda angani.

Kuna na kikwazo cha pili ambacho watu hukipita haraka. Mtambo huu ni mtumwa wa mahitaji ya gesi. Wateja wakipunguza matumizi, baridi nayo inapungua. Na kwa kuwa gesi haiwezi kusimama mtambo ukiharibika, yale mabomba ya maji ya bahari lazima yabaki pale pale. Mwekezaji analipia njia mbili za kazi moja.

Ndiyo maana naona umeme uwe mteja wa mwisho wa baridi hii. Kuigeuza baridi kuwa umeme, kisha umeme huo ukaendeshe jokofu mahali pengine, ni kupata hasara mara mbili. Kiwanda kinachotenganisha hewa ili kipate oksijeni na nitrojeni ya kimiminika kikipewa baridi ya LNG hupunguza umeme wake kwa takriban nusu, na ghala la samaki walioganda nalo huihitaji kama ilivyo. Ugumu ni kwamba baridi haisafiri mbali. Bila jirani wa kuinunua, bora umeme kuliko kuirudisha baharini.

Na kwetu? Gesi ya Mtwara inafika Dar es Salaam kwa bomba, ikiwa gesi, haina baridi ya kuokoa. Mradi wa Lindi, ambao mazungumzo yake yamechukua miaka mingi, ungekuwa upande wa pili wa biashara hii: kiwanda cha Lindi ndicho kingetumia nishati kuipoza gesi, na bandari kama Senboku ndizo zingeivuna baridi hiyo. Sijasikia ikitajwa katika mijadala yetu ya mradi huo, iliyojaa bei na mgawanyo wa mapato. Wataalamu wetu wanaokaa meza moja na wawekezaji waiulizie: baridi hiyo mnunuzi anaipata bure, au imo katika bei?