Picha ya ubongo ni safi, lakini mguu bado unakufa ganzi

Makala hii kuhusu ganzi ya miguu ni nzuri, ila pale inaposema kwamba picha ya MRI (inayopigwa kwa mashine ya sumaku) ya kichwa ikiwa safi mgonjwa aondoe wasiwasi, sikubaliani nayo. Kwa miaka 3 sasa mguu wangu wa kushoto hufa ganzi bila taarifa, na mwezi uliopita nilipanda matatu pale kituo cha Kencom, Nairobi, nikaketi, ndipo kondakta akanionyesha kiatu changu kilichobaki kwenye lami, sikuhisi kikinivuka. Picha ya ubongo haionyeshi neva za miguuni, ambazo hupimwa kwa kupitisha umeme kidogo kwenye ngozi na kuangalia kasi yake. Upungufu wa vitamini B12, unaotambuliwa kwa kupima damu, nao huleta ganzi ya namna hii, lakini mimi niliagiziwa kipimo hicho na daktari wa nne, baada ya picha 2 za bei ghali (wa kwanza aliniambia ni mawazo tu, nipumzike). Majibu hayakuonyesha upungufu. Jumatatu naenda kupimwa neva, na safari hii nimeandika daftarini tarehe na saa ya kila ganzi, kwa kuwa nikiulizwa ilianza lini huwa nababaika.