WITCH wa Zambia: acheni kuanzia Lazy Bones

Ukiuliza mtandaoni uanzie wapi kuwasikiliza WITCH, bendi ya rock ya Zambia ya miaka ya 70, utajibiwa kitu kimoja tu, Lazy Bones!! ya 1975, kila orodha ndo inaongoza, kila mzungu mwenye shelfu la santuri ndo anakushikisha hiyo. Sikatai ni albamu kali. Ila mi nadhani hilo jibu limefanya watu waisikilize hii bendi kwa sikio moja, yani wanatafuta Waafrika wanaopiga kama Black Sabbath, wakishawapata basi wanafunga ukurasa. Juzi kati nimezirudia albamu zote tano za kipindi cha mwimbaji wao Jagari, kwa mfuatano, na nimetoka na msimamo tofauti kabisa: bora yao ni Lukombo Vibes ya 1976, na sababu yake inahusu zaidi ya muziki.

Kwanza kwa ambaye hawajui. WITCH ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha tunakusudia kuzua vurugu, na kwa kweli walizizua, shoo zao zilikuwa za masaa na masaa na wakati mwingine polisi wanaitwa kuzuia umati. Kiongozi ni Emanyeo Chanda, huyu ndo Jagari, jina alilopewa kwa sababu ya Mick Jagger afu likavalishwa Uafrika kidogo. Gita la solo Chris Mbewe wakimwita Kims, rithim John Muma wakimwita Music, besi Gedeon Mwamulenga, dramu Boidi Sinkala. Vijana wa Zambia huru, waliokulia kwenye pesa ya shaba, maana baada ya uhuru wa 1964 ile Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, kina Kitwe na Chingola na Mufulira, ilikuwa na mishahara, ina kumbi, ina vilabu vya wachimbaji, na santuri za Uingereza na Marekani zinaingia. Vijana wakasikia Hendrix, Deep Purple, Grand Funk, Rolling Stones, wakashika magita. Huo muziki baadae ndo ukaitwa Zamrock.

Albamu ya kwanza, Introduction, ya mwanzoni mwa miaka ya 70, inatajwa kuwa moja ya santuri ndefu za kwanza kabisa za bendi ya Zambia kuuzwa. Ukiisikiliza leo utadhani spika yako imeharibika. Sauti imebanwa, kinanda kiko mbele, dramu ziko kama chumba cha jirani, afu Jagari anaimba kama mtu aliyeambiwa una nusu saa tu studio tunafunga. Mi naipenda hivyohivyo, sema sio ya kumpa mtu mgeni. In the Past ya 1974 ni hatua mbele, nyimbo zimekaa vizuri zaidi, kuna uzuri wa huzuni huzuni fulani mle, ila bado ni vijana wanaotafuta njia. Sina mengi.

Afu inakuja Lazy Bones!! na hapo kweli unaelewa kelele zote za wadau. Fazi ya Mbewe, yani ule mlio wa gita uliochafuliwa makusudi, inakwaruza, pedali ya waa-waa inalia kama mtoto, besi ya Mwamulenga imenenepa na haikimbilii popote. Black Tears ikianza unajua kabisa hawa jamaa wamekua. Maneno ni ya giza, ndoto za ajabu, mtoto asiye na mama, machozi. Na mwaka wenyewe ni 1975, bei ya shaba duniani imeporomoka, mpaka wa Zambia na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, umefungwa tangu 1973, mafuta juu, bidhaa za nje hazipatikani. Reli ya TAZARA ndo inakamilishwa mwaka huohuo ili shaba ipite Dar badala ya kupita Rhodesia kwa Ian Smith na serikali yake ya wazungu. Watu wanaandika kuhusu Lazy Bones kama vile ni vijana walivuta kitu wakaota ndoto mbaya, mi nasikia vijana ambao nchi yao imeanza kuishiwa hela na wao wanaiona.

Sasa kwa nini nasema isiwe ya kwanza? Kwa sababu ukianza nayo unaipima hii bendi kwa rula ya London. Unasikia gita unasema duh kama wale, solo unasema duh kama wale, na WITCH wanabaki kuwa nakala nzuri ya kitu cha watu wengine. Makala za nje nyingi ziko hivyo, sifa zenyewe ni za "mpaka huko nao walikuwepo!" Sifa za namna hiyo zinanikera kuliko matusi.

Lukombo Vibes inavunja hiyo rula. Fazi bado ipo, Thou Shalt Not Cry ni rock ya kutosha kumridhisha mtu yeyote, lakini humo ndani midundo imeanza kuhama. Kangalaitoito ikifika unasikia kitu ambacho hakijatoka kwa Jagger wala kwa Hendrix, kimetoka kwenye ngoma za nyumbani, na magita ya umeme yanakifuata chenyewe sio kinyume chake. Lugha za nyumbani zinaingia. Hapa ndo utapasikia pale bendi inapoacha kuomba ruhusa.

Kuna watu watasema hiyo ni siasa ya Kaunda tu. Ni kweli rais Kaunda miaka hiyo ya 70 aliagiza redio ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95, na ni agizo hilohilo lililofanya bendi nyingi zipate nafasi hewani, ziwe zinaimba Kiingereza au Kibemba. Lakini agizo la redio halikufundishi kupiga. Ungekuwa ni utii tu kwa serikali wangetoa nyimbo za kusifia chama, na bendi za kusifia vyama Afrika nzima tunazijua tumezisikia. Hawa walichukua mlango uliofunguliwa wakaingia na spika zao. Including Janet ya 1977 inaendelea na safari hiyo, laini zaidi, fanki zaidi, na pale unaanza kusikia mlio uliokuja kutawala Zambia baadae, kalindula. Kwangu hiyo ni ya pili kwa ubora, najua nitatukanwa, sawa.

Baada ya hapo Jagari akaondoka, akaingia kwenye ualimu. Bendi ikaendelea bila yeye kwa albamu za disko, Movin' On na Kuomboka, na hizi mashabiki wa fazi wanazipita kama hawazioni. Mi sioni aibu kusema kuna siku nazicheza, Patrick Mwondela kwenye kinanda alikuwa anajua anachofanya. Ila ni bendi nyingine.

Mwisho wake ulikuwa mbaya na haukuwa wa siku moja. Uchumi umeanguka, vita ya Rhodesia imevuka mpaka, kuna marufuku za kutembea usiku na kuzima taa, sasa bendi ya shoo za usiku kucha itaishije? Kaseti za wizi zikamaliza soko la santuri. Afu ukimwi ukaja ukabeba kizazi kizima cha wanamuziki wa Zambia. Katika safu ile ya mwanzo ya WITCH amebaki Jagari peke yake. Mwenyewe akaishia kuchimba vito ardhini kutafuta riziki, mtu ambaye alikuwa anajaza kumbi nchi nzima.

Ndo hapa napata shida na hadithi inayopendwa siku hizi, hadithi ya "bendi iliyopotea ikagunduliwa". Kampuni ya Marekani ya Now-Again ilirudisha albamu zote sokoni miaka ya 2010, kazi safi, na bila wao mimi na wewe tungekuwa tunasikiliza vipande vya YouTube vyenye mikwaruzo, kwa hiyo asante zao. 2019 ikatoka filamu ya Gio Arlotta, Mwitaliano, aliyemfuata Jagari Zambia. Filamu nzuri pia. Lakini kupotea kwa nani? Mzee wa Kitwe aliyecheza wimbo wao wa Janet kwenye harusi hakuwahi kuwapoteza hawa watu. Kilichopotea ni hela, mikataba na utunzaji. Sampa the Great, huyu rapa Mzambia anayejulikana dunia nzima, mjomba wake alikuwa WITCH, yani hiyo historia ilikuwa inakaa sebuleni kwao inakunywa chai.

Na tusicheke, maana na sisi ni walewale. Bendi zetu za dansi zilirekodi RTD, yani Redio Tanzania Dar es Salaam, Tanzania hatukuwa hata na kiwanda cha santuri, mikanda ikawa inaenda kuchapwa Kenya, na leo ukitaka kusikia kazi nyingi za enzi hizo unategemea mkusanyaji wa Ulaya aziweke mtandaoni. Hata Wazambia Nairobi ilikuwa kimbilio lao, bendi ya Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga waliishi na kufanya kazi Nairobi na albamu yao Wings of Africa ya 1975 ilirekodiwa hukohuko. Sasa mwambie kijana wa Nairobi leo kwamba Zamrock ilipita mtaani kwake uone atakavyokushangaa.

Sehemu inayonifurahisha ni kwamba hii hadithi haikuishia makumbusho. Jagari alirudi jukwaani uzeeni, na vijana wa Uholanzi kina Jacco Gardner na Nico Mauskovic, na Mwondela akarudi, na 2023 wakatoa Zango, albamu ya kwanza ya WITCH baada ya karibu miaka 40, imerekodiwa Lusaka kwenye studio ya DB. Sampa yumo, Theresa Ng'ambi yumo, Hanna Tembo yumo. Nilikuwa na hofu nayo kiukweli, mara nyingi wazee wakirudishwa na vijana wa Ulaya kinachotoka ni kinyago cha ujana wao, fazi nyingi, vumbi la kupaka. Zango sio hivyo. Ina utani, ina lugha kadhaa, akina dada wanaimba mbele sio nyuma, na Jagari haigizi sauti ya miaka 24, anaimba kama mzee aliyechimba mawe. Sogolo ya 2025 ikafuata na nayo inatembea, ingawa pale naona Ulaya imeongezeka kidogo kwenye sufuria.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, namwambia weka Lukombo Vibes kwanza, halafu nenda moja kwa moja Zango, utasikia ni mstari mmoja na karibu miaka 50 katikati haijaukata. Ukishazizoea ndo urudi Lazy Bones, utaisikia tofauti kabisa, hutakuwa unamtafuta Hendrix tena. Introduction iache mpaka uwe shabiki sugu. Na kwa mashabiki sugu wenyewe: hizo mbili za disko mnazozikwepa, zipeni wikiendi moja tu afu mje tubishane.