Sabuni ya bakteria kwenye mpira wa mkojo: tusishangilie mapema

Kila siku mpira wa mkojo (katheta) unapokaa mwilini, uwezekano wa bakteria kuota kwenye mkojo ni kati ya asilimia 3 na 7. Ukikaa mwezi, karibu kila mgonjwa anakuwa nao. Bakteria hao hung'ang'ania ukuta wa mpira, hujifunika kwa utando wa ute, na wakishafika hapo antibiotiki huhangaika nao. Ndiyo maana wazo la kuwanyima pa kushika, badala ya kusubiri kuwaua, lina mvuto.

Wanaolitetea wanategemea bayosafaktanti, yaani vitu vya jamii ya sabuni ambavyo bakteria na hamira huvitengeneza wenyewe. Maarufu zaidi ni safaktini ya Bacillus subtilis, iliyoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1968. Kiasi kidogo tu hushusha mvutano wa uso wa maji kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi karibu 27. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin waliipitisha ndani ya mipira ya mkojo ya vinaili, aina ya plastiki, kabla tu ya kutia bakteria wa Salmonella, na utando ukashindwa kujengeka. Kuosha kabla kulifaa sawa na kuiacha safaktini ndani muda wote. Katika majaribio yao iliwazuia pia E. coli na Proteus mirabilis, huyu wa mwisho akiwa ndiye msumbufu anayeziba mipira kwa chembe za chumvi.

Matokeo mazuri, lakini ya maabara. Mkojo halisi una protini zinazoipaka plastiki ndani ya muda mfupi, na bakteria wakifika hukuta sakafu nyingine kabisa. Halafu safaktini hupasua chembe nyekundu za damu, jambo la kufikiriwa mara mbili kabla ya kuipaka kwenye kifaa cha kwenye mshipa. Ramnolipidi, bayosafaktanti nyingine inayosifiwa, asili yake ni Pseudomonas aeruginosa, mdudu yuleyule anayetesa wagonjwa wa wodini, na yeye huitumia kuua chembe nyeupe. Leo inaweza kuzalishwa na bakteria wasio na madhara, lakini hilo haliigeuzi molekuli yenyewe kuwa mpole.

Inasemwa pia kwamba vitu hivi havitaleta usugu. Mimi hapo nasita. Daptomaisini, antibiotiki iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ni lipopeptidi (molekuli yenye mkia wa mafuta na kipande kama cha protini) kama safaktini, na usugu dhidi yake umeshaonekana. Kweli, yenyewe huua ilhali huku tunazungumzia kuzuia kushika. Tofauti hiyo ina uzito, ila si kinga.

Kinachonipa tahadhari zaidi ni yaliyoyapata madini ya fedha. Mipira iliyopakwa aloi ya fedha nayo ilikuwa na sifa nzuri, mpaka Uingereza ilipoijaribu kwa wagonjwa 7,102 katika hospitali 24. Matokeo yakatoka mwaka 2012: haikupunguza maambukizi yenye dalili ikilinganishwa na mpira wa kawaida.

Je, tuliweke wazo hili kapuni? Hapana. Ningeanza na vali ya sauti ya silikoni, ile wanayowekewa waliotolewa zoloto (kisanduku cha sauti kooni) ili waweze kuongea. Fangasi wa Candida na bakteria huitafuna hadi ivuje, na mara nyingi hubadilishwa baada ya miezi michache. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, wameona kwenye mifano ya koo maabara kwamba bayosafaktanti za bakteria wa maziwa hupunguza wadudu hao. Vali haikai ndani ya mshipa wa damu, inabadilishwa kliniki, na faida yake inapimika kirahisi: imekaa miezi mingapi kabla ya kuvuja?

Kwa mpira wa mkojo, ningedai jaribio kama lile la Uingereza, linalohesabu wagonjwa wenye homa na maumivu, si makundi ya bakteria kwenye sahani za maabara. Kabla halijafanyika, fedha za wodi zitumike kumwezesha muuguzi kuuliza kila asubuhi kama mgonjwa bado anauhitaji mpira huo, na kuutoa siku hiyohiyo kama hauhitajiki.