Sahani Inayozunguka

Mwezi wa Idd ukiandama, Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, hailali. Pita usiku ule kwenye zile barabara za namba, utasikia mafuta yakilia kwenye makarai na harufu ya iliki itakufuata hadi kona ya pili. Mimi nimekulia ndani ya usiku huo. Kazi yangu ya kwanza jikoni, nikiwa na miaka kama 8, ilikuwa kugeuza visheti kwenye shira mpaka sukari ikauke na kuvishika kwa weupe, huku bibi akinikataza kulamba mwiko. Kwa hiyo mtu akiniambia Idd ipite bila visheti kwa sababu ya afya, hatutaelewana.

Na ushauri wa namna hiyo ndio unaojaa kwenye simu zetu kila sikukuu inapokaribia, iwe Idd, iwe Krismasi na Mwaka Mpya. Usile wali. Usiguse nyama. Badala ya kaimati tafuna tango. Hakuna anayeufuata, na sidhani kama aliyeutuma anaufuata. Sikukuu ni siku ya kula vizuri, tangu zamani, na sioni kosa lake. Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa na kipimo chetu wenyewe, tumekitupa, sasa tunatafuta kipimo kwa watu wasiotujua.

Kipimo hicho kilikuwa sahani.

Bibi alikuwa akikanda kilo 2 za unga wa visheti, na kilo 2 hizo hazikuwa za kwetu. Zilikuwa za nyumba 8. Asubuhi baada ya swala tulipangwa watoto, kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa kawa, na nyumba yake ya kupeleka. Sahani hairudi tupu. Ilirudi na vileja, au tambi, au kipande cha mkate wa kumimina, na ile nyumba ya Wasambaa Wakristo nyuma yetu walitujazia ndizi mbivu, kisha wao zamu yao ya sahani kubwa ilikuja Krismasi. Ikifika alasiri mezani kwetu pana aina 6 au 7 za vitu vitamu, na kila aina ni kidogo. Unapata visheti viwili, kipande kimoja cha mkate, kaimati tatu, na nyuma yako kuna wengine wanasubiri. Hakuna aliyesema tunalinda afya. Tulikuwa tunagawana tu, na kugawana kukatupimia.

Leo kila nyumba inapika aina zote 7 peke yake. Vinajazwa kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko, vinawekwa juu ya kabati, na chai ya kila asubuhi inateremka navyo mpaka ndoo iishe. Siku moja ya sherehe imegeuka wiki 3. Disemba ni vilevile: wageni kutoka Dar wanaanza kuingia tarehe 20, na mpaka shule zifunguliwe Januari hakuna siku nyumba imekula kawaida. Mwili unaweza kuistahimili Idd. Hizo wiki 3 za Idd ndizo usizozistahimili.

Sasa nimzungumzie shangazi yangu, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Shangazi ana sukari, mwaka wa 11 huu. Anajitunza vizuri kuliko wengi ninaowajua: anapima, anakunywa dawa, anakula ugali wa dona na samaki, jioni anatembea. Idd ya mwaka juzi alitoka kwenda kuamkia jamaa, nyumba 4. Nyumba ya kwanza glasi ya juisi ya ukwaju. Ya pili soda na kaimati. Ya tatu biriani, na alipojaribu kupunguza wali mwenyeji akamwongezea kwa mkono wake: "Kula shangazi, leo sikukuu, chakula cha baraka hakidhuru." Ya nne sijui hata alipewa nini. Magharibi alirudi kwetu midomo imemkauka, anaomba maji kila dakika, macho yana ukungu. Tulipompima kidole, mashine ikasoma 19, sukari imepanda mno. Halafu akakumbuka kwamba kwa haraka za kuwahi swala asubuhi hata dawa alikuwa hakunywa.

Tulimpeleka hospitali, na usiku ule ukapita salama. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakukataa, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ningekataaje, mwanangu? Mtu amekesha akikupikia."

Alisema kweli. Kwetu kukataa chakula cha mtu siku ya Idd ni kama kukataa salamu yake. Ndiyo maana nasema mzigo huu tusimtwike mgonjwa. Tumekuwa tukimwambia mwenye sukari na mwenye presha ajizuie, awe na msimamo, wakati sisi wenyeji tumesimama mbele yake na sinia. Heshima ya mgeni ni kumjua. Ukijua shangazi ana sukari, ukamwandalia samaki wa kupaka, kachumbari na mchicha, ukampa kisheti kimoja kwenye kisahani chake badala ya bakuli, umemkirimu kuliko aliyemjazia. Na asipokula kabisa, tusimwambie "umenidharau". Hilo neno limeshawatesa wazee wetu wengi.

Kitu kingine tunachokosea ni kuvitupia lawama visheti peke yake na kusahau kilichomo kwenye glasi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25, yaani vijiko 6 vya chai, ni bora zaidi. Kwa aina nyingi za soda, chupa moja ya mililita 350 peke yake ina zaidi ya gramu 30. Mtu anaogopa visheti viwili, kisha anashushia soda mbili. Juisi ya ukwaju yenyewe haina ubaya, lakini tazama siku moja kiasi cha sukari kinachomiminwa kwenye lile jagi. Kwetu sasa mgeni anakaribishwa kwa maji baridi au dafu, na machungwa ya Muheza yakiwepo tunamenya na kuyala mazima, na nyama zake, maana ukiyakamua zile nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na utamu ndio unaokwenda tumboni mbio.

Jikoni sina mengi ya kusema, ila hili la karai nimelishuhudia sana. Ukiharakisha kutia kaimati kabla mafuta hayajapata moto, zinayanywa. Utaziona zimelala chini, zimepauka, ukiikamua moja kwa vidole mafuta yanachuruzika. Mafuta yakiwa tayari kaimati inapanda juu mara moja, inajigeuza, inatoka kavu. Bibi alikuwa akitupia tonge dogo la unga kwanza kujaribu. Na mafuta yaliyokaangia jana mpaka yakawa meusi, yamwage.

Halafu kutembea. Sisi mkono wa Idd tuliufuata kwa miguu, kutoka kwa babu mpaka kwa mjomba mpaka uwanja wa Tangamano, na viatu vipya vikituchuna. Wakubwa walipanda baiskeli, kama Tanga yetu ilivyo. Sasa mtoto anaitiwa bodaboda kwa mwendo wa barabara 5. Hata robo saa ya kutembea baada ya kula inasaidia misuli kuitumia sukari iliyoingia kwenye damu, na jioni ya Idd upepo wa bahari pale Raskazone haulipishwi. Nendeni na wazee, taratibu, mkizungumza.

Na wanaofunga sita za Shawwal, zile siku sita za sunna baada ya Ramadhani, wanajua ninachotaka kusema. Wazee wengi mtaani kwetu huanza Idd pili, na siku hiyohiyo nyumba yao inarudi kwenye uji, tende na maharage. Ndoo za visheti hazikai kwao.

Mwaka huu tumekubaliana na dada zangu wawili na majirani wanne. Kila nyumba itapika aina moja tu. Kwetu ni visheti, kilo 2 kama za bibi, sukari nimeipunguza kwa robo na sijasikia tofauti, iliki ikitosha. Mama wa nyumba ya pili atachukua mkate wa kumimina, mwingine vileja, na hivyo hivyo. Nimeshazitoa kawa za bibi darini, mbili zimeliwa na mende, nne nzima. Watoto nimewapangia nyumba zao na watakwenda kwa miguu.

Shangazi yeye ameagiza mapema: kisheti kimoja, samaki kolekole wa kupaka, na dawa zake ziwekwe pembeni ya kikombe cha chai ya asubuhi, asipite bila kuziona.