Eti "Imetumwa"!

Jumatatu nilituma barua pepe ya kuomba kazi. Nikabonyeza, ikaandika "imetumwa", nikalala usingizi wa mtu mwenye ajira. Jumamosi naona jibu, moyo ukadunda. Kumbe barua nayo imedunda, imerudishwa! Na aliyeniandikia si mtu, ni programu ya kurudisha barua, inaitwa Mailer-Daemon. Jamani, hata jina halikuwa la kuleta heri.

Nikampigia mpwa wangu, yule anayeshinda na seva, kompyuta zinazopelekeana barua. "Mjomba, 'imetumwa' ni kwamba imefika kwenye seva yako. Basi." Yaani wiki nzima najivunia barua iliyoishia kizingitini kwangu mwenyewe.

Eti seva yangu inaangalia kilicho baada ya @, yaani kikoa, inauliza DNS, daftari la majina la intaneti, barua za huko zinapokelewa na nani. Inapewa rekodi za MX zenye namba, na mwenye namba ndogo ndiye anayebishiwa hodi kwanza. Ajabu, kumbe kuna mahali mdogo anatangulizwa! Inagonga mlango namba 25, inasema EHLO (si kosa la chapa, ndiyo salamu yao, mwaka 1982 walikuwa wanasema HELO), inamtaja mtumaji, inamtaja mpokeaji. Kila hatua inangoja kuambiwa 250, ndiyo "haya, endelea" yao.

Yangu ilipomtaja mpokeaji ikaambiwa 452: sanduku limejaa. Namba ikianza na nne, maana yake njoo baadaye. Ikianza na tano, usirudi tena. Mimi ningepewa tano, nikajua moja! Sasa seva yangu isiyo na haya ikawa inaenda, inafukuzwa, inangoja, inaenda tena. Siku tano! Na nyumbani hainong'oni kitu. Mimi nikienda kudai deni mara mbili tu, mtaa mzima unajua.

Mpwa akanionyesha kichwa cha barua. Kila seva inayoipokea inagonga muhuri wake, "Received", juu ya ule uliotangulia, ndiyo maana husomwa kutoka chini kwenda juu. Nikavaa miwani, nikaanzia chini. Muhuri mmoja. Nikapanda juu. Hakuna juu.

"Sasa hao watu nitawapataje?"

"Mjomba, kanuni inataka kila kikoa kinachopokea barua pepe kipokee na za postmaster, msimamizi wa barua wa huko. Mwandikie huyo, mwambie sanduku la wenzake limejaa."

"Nimwandikie kwa njia gani?"

"Barua pepe, mjomba."

Nimeandika. Imesema "imetumwa".