Meza Ambayo Haikuwepo

Kovu hili la kidevuni nimeshalielezea kwa namna nyingi. Kazini nilisema niliteleza bafuni. Kwa kinyozi nilisema ni pikipiki, na nikaona ameanza kuniheshimu. Ukweli ni kwamba niliegemea meza ambayo haikuwepo, mbele ya mama mkwe.

Mimi ni muumini wa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayokufunika macho ikakuonyesha dunia isiyokuwepo, tangu zamani, na muumini hakosi tarehe zake. Mwaka 2012, Oculus, watengenezaji wa miwani hizo, walipochangiwa mtandaoni zaidi ya dola milioni 2, nilimwambia mke wangu kwamba sasa mambo yameiva. 2014 Facebook wakainunua Oculus kwa takriban dola bilioni 2, nikamwambia yameiva kabisa. 2016 zikaingia sokoni miwani za Oculus, za HTC na za PlayStation ndani ya mwaka mmoja, nikarudia. 2020 ikatoka Half-Life: Alyx, gemu ambayo hata wabishi waliivulia kofia. 2021 Facebook yenyewe ikabadili jina ikajiita Meta, kwa ajili ya mambo hayohayo. Siku hiyo Mama Neema alikuwa anakunja nguo, hata hakuinua uso.

"Baba Neema," akasema, "kitu kikiiva miaka tisa, si kimeshaungua?"

Nikaona nimpe historia, labda atalainika. Nikamsimulia kwamba mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani kilichokuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kutoka darini. Nikamwambia 1995 Nintendo walitoa mashine ya gemu ya kuchungulia kwa macho, Virtual Boy, picha nyekundu na nyeusi tupu, na haikumaliza hata mwaka. Nilitaka aone tulikotoka. Alichoona yeye ni miaka zaidi ya 50 ya watu wazima kujifunika macho na kugonga vitu.

Nikanunua hivyohivyo.

Wiki ya kwanza sitaisimulia sana. Niliingia kwenye gemu moja ambayo unatembea kwa kusukuma kijiti kwa kidole gumba huku mwili wako umesimama palepale. Macho yanauambia ubongo tunakimbia, sikio la ndani linasema hapana, tumesimama, na tumbo ndilo linalolipia huo ugomvi. Dakika kumi tu, Mama Neema akanikuta nimekaa sakafuni nimekumbatia mguu wa sofa, jasho linanitoka. Hakuuliza kitu. Akaenda, akarudi na ndoo, akaiweka karibu yangu akaendelea na shughuli zake. Mpaka leo sijui kama yale yalikuwa mapenzi au maoni.

Lakini nilizoea. Nikagundua gemu zisizokutembeza hazina shida, na mojawapo ilikuwa ya biliadi. Hiyo ndiyo niliyoichagua siku wakwe walipokuja.

Walikuja watatu: mama mkwe, shemeji wa kike na shemeji mdogo. Nikawaamkia, nikawakaribisha, na kabla hawajamaliza kukaa nikaanza kuhubiri. Nilisogeza meza ndogo ya sebuleni mpaka ukutani, nikavaa miwani, nikachora mpaka wangu sakafuni kwa rimoti, nikizunguka polepole nimeinama kama mganga anayezindika nyumba. Ukishachora mpaka ule, ukikaribia kuuvuka unatokea wavu mbele ya macho kukuonya. Kwa hiyo ndani ya mpaka uko salama. Nililisema hilo kwa sauti. Shemeji mdogo anakumbuka.

Kisha miwani ikaniambia inataka kusasishwa.

Hapa ndipo wenye vitu hivi tunapoelewana. Usipoivaa wiki mbili tu, siku ya wageni lazima isasishwe. Na ubaya wake ni kwamba anayeona mstari ukijaa ni aliyevaa peke yake. Kwa hiyo wageni wangu wamekaa kimya, wanamtazama mkwe wao aliyesimama katikati ya sebule amefunikwa macho, na kila baada ya muda anatangaza.

"Asilimia arobaini."

Kimya.

"Arobaini na moja."

Nilimsikia mama mkwe akimnong'oneza binti yake, "Anahesabu nini?"

Ilipomalizika nikaivua, nikampa shemeji wa kike. Akaitazama ile mikanda, akajishika kichwa. "Shemeji, nywele nimesuka jana. Hilo lidude halipiti hapa." Nikamgeukia shemeji mdogo, naye anavaa miwani ya kusomea, tukajaribu kuipachika juu ya ile nyingine, ikambana mpaka akaomba radhi. Akabaki mama mkwe. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, nusu kilo hivi, akaigusa ile sponji ya usoni.

"Hii ni nini, inateleza?"

"Jasho langu, mama. Samahani. Nitaifuta."

Akanirudishia kwa adabu kubwa. "Cheza wewe, baba. Sisi tutatazama."

Watatazama nini, sasa? Sikuwa nimeunganisha na televisheni. Lakini heshima yangu ilikuwa mezani, nikaivaa.

Mwenye haki apewe haki yake: ndani mle kunapendeza. Meza ya biliadi imesimama mbele yangu, kitambaa cha kijani naona nyuzi zake, ukingo wa mbao umeng'arishwa, taa inamulika kutoka juu. Nikapiga mpira wa kwanza, ukaingia. Nikashangilia, sebule ikanyamaza. Wa pili ukaingia. Wa tatu ulikuwa mbali, kona ya pili, na kila mchezaji wa biliadi anajua mpira wa mbali unapigwaje. Unaweka mkono wa kushoto kwenye ukingo, unaegemea, unajinyoosha.

Nikaweka mkono kwenye ukingo. Nikaegemea.

Kumbe wakati nimefunikwa macho, shemeji mdogo, mtoto mwenye malezi mema kabisa, aliona mama yake ameshika kikombe hana pa kukiweka. Akaivuta ile meza ndogo kutoka ukutani akaileta mbele yake, ndani ya mpaka wangu. Miwani haikujua. Mimi pia sikujua. Kwa hiyo meza isiyokuwepo ikaniachia, na iliyokuwepo ikanipokea kwa kidevu.

Nilichokiona mimi si walichokiona wao. Wao waliona mwanamume mzima anajitupa hewani kama anayeingia bwawani, rimoti inamponyoka (kamba yake ya mkononi sikuivaa, najua, usinifokee) na kupiga kikombe cha mama mkwe. Mimi niliona kichwa changu kikizama ndani ya meza ya biliadi. Ndani ni patupu. Hakuna mbao, hakuna chochote, ni ganda tu. Nikiwa nimelala mle nikatazama juu, nikaona mpira wangu unavuka taratibu, unaelekea kona ya mbali.

Ukaingia. Naapa uliingia. Hakuna aliyeniamini.

"Baba! Umeumia?" Sauti ya mama mkwe.

Nikainuka haraka, nikasimama wima, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Hapana, mama, nisamehe sana kwa kikombe." Pakawa na ukimya mrefu. Kisha Mama Neema akasema taratibu, "Hilo ni pazia, Baba Neema."

Hapo ndipo mama mkwe aliposhindwa. Nimemjua yule mama miaka mingi, mwanamke wa maneno machache, sijawahi kumwona meno yote. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka akaomba ashikwe. Shemeji wa kike alikuwa ameshateleza yuko sakafuni. Shemeji mdogo alikuwa hacheki, nikamshukuru moyoni, mpaka nilipovua miwani nikaona ana simu mkononi na inarekodi.

Nilishonwa nyuzi tatu. Video ilifika kabla yangu: nesi aliyenipokea aliuliza kama mpira uliingia.

Jumapili iliyofuata mlango ukagongwa. Mama mkwe, mashemeji wote wawili, na majirani zao wawili nisiowajua. Nikawaamkia. Hawakukaa. Shemeji wa kike akasogeza sofa, shemeji mdogo akapanga viti kwa duara, na mama mkwe akachukua kikombe chake mwenyewe akakipeleka juu ya kabati, mbali.

"Lile lidude lina chaji?" akauliza.

"Lina, mama. Nani anajaribu leo?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejibu. Mama Neema akaniletea miwani, akanivika mwenyewe, akanifunga na kamba ya rimoti mkononi kama anayemvalisha mtoto wa shule.

Giza. Halafu mstari mweupe, unajaa kidogokidogo.

"Asilimia ngapi?" mama mkwe akauliza, akijiweka sawa kwenye kiti.